Unga wa Mzee Jamleck

Waringa wa Uthiru alikamua ng'ombe tangu akiwa msichana, na mikono ndiyo iliyomwangusha kwanza. Vidole vilivimba viungoni, vikapinda kama tangawizi, na asubuhi za baridi ilibidi aviloweke kwenye maji ya moto kabla havijakubali kushika kitu. Magoti yakafuata. Mwanawe Kibe akaachiwa zizi, na Waringa akawa mtu wa kukaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, akisikiliza ng'ombe wake wakikamuliwa na mtu mwingine. Hospitalini walimpa vidonge vya maumivu. Vilimchoma tumbo, akaviacha.

Mzee Jamleck ndiye aliyemletea unga. Alikuwa jirani wa miaka mingi, mzee wa kanisa, mtu aliyesimama na familia hiyo mume wa Waringa alipokufa, akachimba kaburi kwa mikono yake. Alipostaafu posta alifungua kibanda cha dawa za mitishamba Dagoretti Corner, katikati ya mafundi wa makochi, na watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kujigamba. Alimpa Waringa kopo la unga wa rangi ya kahawia, mchungu kama shubiri. Kijiko kimoja kwenye uji, kila asubuhi.

Kabla wiki haijaisha, Waringa alikuwa zizini. Aliimba kwa sauti huku akikamua, mpaka majirani wakachungulia uani kuona kuna nini. Uso uliokuwa umekauka ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo, yakapata na wekundu. Hamu ya chakula ikamrudia kama ya msichana anayenyonyesha. Kwenye harambee ya kanisa alicheza mbele ya wageni hadi kitambaa kikamwanguka kichwani, na wanawake wenzake wakamzunguka wakicheka. "Waringa, watoto wako wanakulisha nini? Umenawiri!"

Binti yake Anita alifurahi kuliko wote. Anita alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima katikati ya jiji, akiishi peke yake katika nyumba ya ghorofa Kilimani, na kwa miaka miwili alipokuwa akienda Uthiru Jumapili alikuwa akimkuta mama yake mnene na mchangamfu. Aliona ni baraka. Hakujua kwamba alikuwa akitazama ugonjwa.

Julai ya mwaka 2006 ilikuwa na baridi ya kukata mifupa. Kibe alitaka kubadilisha mabati ya nyumba, kwa hiyo Anita akamchukua mama yake akae naye Kilimani mpaka kazi iishe. Kuishi naye ndani ya nyumba moja kulimfungua macho. Asubuhi ya kwanza Waringa alipojitanda khanga baada ya kuoga, Anita aliona mikono yake ina mabaka ya zambarau, kana kwamba amepigwa.

"Mama, nani amekuumiza?"

"Nani aniumize? Ni kamba ya kiondo tu. Siku hizi ngozi yangu ni kama ya kitunguu."

Chini ya tumbo lile kubwa, miguu ilikuwa myembamba kama fito. Nyuma ya shingo kulikuwa na nundu ya mafuta ambayo Anita hakuwahi kuiona, maana mama yake hakutoka bila kitambaa kilichofunika mpaka mabegani. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akijiuliza ni vipi alikuwa amemtazama mtu huyu kila Jumapili bila kumwona.

Wiki hiyo gazeti lilikuwa limeandika habari za dawa bandia za mitishamba. Anita aliisoma kazini, akarudi nyumbani na uamuzi. Alichukua kopo kwenye kabati la jikoni, akalimwaga lote kwenye sinki na kufungulia maji. Waringa alimkuta akisuuza.

"Anita! Hayo ni magoti yangu unayamwaga!"

"Mama, hujui ndani kuna nini. Nitakupeleka kwa daktari wa kweli. Mwisho wa mwezi, nikipata ruhusa."

"Jamleck hawezi kunipa kitu kibaya."

"Pengine. Lakini hutakunywa tena."

Waringa hakubishana zaidi. Alikuwa mama wa kumwachia mtoto aliyesoma aamue.

Maumivu yalirudi haraka, nao walikuwa wameyatarajia. Lakini yalikuja na mengine. Waringa aliishiwa nguvu, akawa hawezi kuinua kikombe cha chai. Chakula kikamchukiza. Mafua ya kawaida, yale ambayo kila mtu jijini alikuwa nayo kwa baridi ile, yalimlaza kama nimonia. Akaomba arudishwe kwake Uthiru, akisema kama ni kuugua, augulie kwenye kitanda chake. Anita akampeleka, na siku iliyofuata Kibe akapiga simu.

"Mathe anatapika tu. Nimemleta kliniki hapa karibu na stendi. Wamepima, wanasema ni taifodi na malaria, zote mbili. Wamemwekea maji."

Anita aliomba ruhusa akaenda mbio. Kliniki ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vyakula vya mifugo. Mama yake alikuwa amelala na sindano ya maji mkononi, midomo imepauka, uso ule mnene ukiwa umelegea. Aliposemeshwa alichelewa kujibu, na jibu lenyewe halikuhusu swali.

Ndipo Mzee Jamleck alipofika, kofia mkononi. Alikuwa amepata habari kanisani. Alisali kando ya kitanda kwa sauti ndogo, kisha akatoa kopo jipya mfukoni mwa koti.

"Kibe ameniambia ameacha dawa. Anita, mwanangu, tumpe kijiko kimoja tu. Nimeona watu wakiacha ghafla, wanadhoofika. Sijui ni kwa nini, lakini wakirudia wanaamka."

Anita alihisi damu ikimpanda kichwani. Alimshika mzee yule begani, mzee aliyemzika baba yake, akamsukuma hadi kwenye ngazi.

"Chukua uchafu wako uende! Mama yangu anakufa na wewe unatafuta biashara?"

Jamleck alirudisha kopo mfukoni, akashuka. Kibe alisimama mlangoni akiona haya.

"Hiyo kitu ilikuwa inamsaidia," alisema taratibu.

"Nyamaza, Kibe."

Alasiri Waringa alipoteza fahamu. Wakambeba kwa pikapu ya jirani hadi hospitali kubwa mjini, Anita akiwa nyuma amekipakata kichwa cha mama yake, akiita jina lake kila walipokwama kwenye foleni ya Westlands.

Daktari aliyewapokea aliitwa Mwendwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alisoma karatasi ya kliniki, akaiweka kando. Alipima shinikizo la damu, akapima tena kwa mkono wa pili kana kwamba haamini. Sukari ilikuwa chini. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa amelifanya: akamfunua Waringa tumbo. Lilikuwa na michirizi mipana ya zambarau, kama ardhi iliyopasuka. Akagusa nundu ya shingoni. Akapitisha kidole juu ya ngozi ya mkono.

"Amekuwa akitumia dawa gani?"

"Hakuna dawa. Alikuwa anakunywa miti shamba ya magoti, lakini aliacha."

Daktari akainua macho. "Aliacha lini?"

"Juzijuzi. Nilimwaga mimi."

Uso wa Daktari Mwendwa ulibadilika. Akageuka kwa muuguzi na kutoa amri mfululizo: damu itolewe sasa hivi ipelekwe maabara, maji ya chumvi, sukari, na sindano ya haidrokotisoni. Kisha akamvuta Anita kando.

"Sikiliza vizuri, kwa sababu nitaanza kumtibu kabla majibu hayajarudi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Inatengeneza homoni inaitwa kotisoli. Ukiugua, ukiumia, ukishtuka, hiyo ndiyo inakushikilia usianguke. Ubongo hutoa amri itengenezwe. Ikishatosha, homoni yenyewe inarudi na kuuambia ubongo: basi, inatosha. Ndivyo tulivyoumbwa, wewe na mimi pia. Sasa, kuna dawa za viwandani zinazoiga homoni hiyo, zinaitwa steroidi. Zina nguvu mara nyingi zaidi yake. Zinaondoa maumivu ya viungo kama miujiza. Naamini mtu alikuwa amezitia ndani ya ile miti shamba."

"Lakini mama alikuwa anaendelea vizuri. Alinenepa."

"Huo haukuwa unene wa afya. Ni dawa ilikuwa inamvimbisha." Daktari alisema bila ukali. "Na kila asubuhi ubongo wake ulikuta damu imejaa dawa, ukaona hakuna haja ya kutoa amri. Miaka miwili umekaa kimya. Tezi zinazokosa amri zinasinyaa. Halafu siku moja dawa ikakatika, na juu yake homa ikaja. Mwili umeomba msaada, na hakuna aliyebaki wa kuitikia."

Anita alishika ukuta. Sinki la jikoni kwake lilimjia, na unga wa kahawia ukizunguka na maji.

"Sasa mtampa nini?"

"Kilekile alichonyang'anywa. Aina nyingine, kwa sindano, lakini ni ya ukoo huohuo."

"Hapana!" Sauti ilimtoka hata wagonjwa wakageuka. "Sumu imemfikisha hapa, halafu mumwongezee? Hapana, daktari. Mimi ndiye mtoto wake mkubwa, nimekataa."

"Anita." Mara ya kwanza daktari alimwita kwa jina. "Ukikataa, utampoteza kabla giza halijaingia."

Muuguzi alikuwa tayari amesimama na sindano, akiwatazama wote wawili. Kibe, ambaye hakuwa amesema lolote tangu Uthiru, akasema, "Mpeni."

Wakampa. Anita aligeuka asione.

Alichokiona baadaye hakikumtoka moyoni maisha yake yote. Jua lilikuwa bado halijazama. Mwanamke aliyeletwa akiwa kama maiti alifungua macho, akatazama dari, akatazama watoto wake, na kwa sauti yake ileile ya kila siku akauliza kama ng'ombe wamekamuliwa. Kisha akaomba chai. Kibe akaangua kilio. Anita hakulia. Alisimama pale na baridi ikimtambaa mgongoni, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba kitu kimoja kinaweza kumuua mtu na kumfufua.

Korido ilipotulia alimfuata daktari. "Yule mzee wa dawa alikuja kliniki na kopo lingine. Nikamfukuza. Je, kama..."

Daktari Mwendwa alimgeukia. "Lingemwinua," alisema. "Lakini asingejua kwa nini, na wewe vilevile. Na angeendelea kuulisha ugonjwa."

Majibu ya damu yaliyorudi yalithibitisha alivyosema: kotisoli ya Waringa ilikuwa karibu na sufuri, na hiyo ilipimwa katika saa ambayo mwili wa mtu mwenye afya ungeimwaga kwa wingi.

Asubuhi Anita alikwenda Dagoretti Corner akiwa na hasira iliyomnyima usingizi. Alikuta kibanda kimefunguliwa, Mzee Jamleck akipanga magome ya miti kwenye mbao, na randa za mafundi zikilia pande zote.

"Mama yuko aje?" Jamleck aliuliza mara tu alipomwona.

"Yuko hai, si kwa ajili yako. Ulitia nini kwenye unga?"

"Nilitia nini? Mizizi yangu. Mingine naichimba mwenyewe kule Ngong."

"Unadanganya. Ulimlisha sumu, mzee mzima, huku unamshikia Biblia!"

Mafundi waliacha kazi. Jamleck hakuinua sauti. Alifungua kopo, akachota kijiko kilichojaa, akakimeza kikavu mbele yake. Kikamkwama, akakohoa, akameza tena.

"Mimi huinywa kila asubuhi," alisema, machozi ya kikohozi yakimtoka. "Pumu yangu iliisha kwa hii. Bibi yangu Muthoni anakunywa kwa sababu ya mgongo. Ningempa mama yako kitu ambacho simpi bibi yangu?"

Na hapo ndipo Anita alipomwona. Mashavu ya mviringo, mekundu. Shingo iliyozama mabegani. Mkono uliokuwa umeshika kijiko ulikuwa na mabaka ya zambarau kuanzia kifundo hadi kwenye kiwiko. Matusi aliyokuwa ameyatayarisha njia nzima yalimkauka mdomoni. Mzee huyu alikuwa mgonjwa kama mama yake, na hakuwa na habari.

Alivuta stuli, akaketi, akamweleza yote kama alivyoelezwa. Jamleck alisikiliza kofia ikiwa magotini. Anita alipomaliza, mzee alisema polepole kwamba mizizi kweli ni yake, lakini kuna kiungo kingine. Unga mweupe. Miaka mitatu iliyopita mtu mmoja mjini alimwambia ni mzizi wa ng'ambo uliosagwa, unaipa dawa nguvu. Alijaribu, akaona watu wanapona ambao awali hawakuwa wakipona. Alimshukuru Mungu.

"Nionyeshe alipo," Anita alisema.

Walikwenda mchana uleule. Ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani nyuma ya River Road, juu ya maduka ya redio na masanduku ya bati. Mlango uliokuwa ukifungwa siku zote, Jamleck alisema, siku hiyo ulikuwa umeegeshwa kwa sababu umeme ulikuwa umepotea na waliokuwa ndani walihitaji hewa. Mzee alisukuma bila kubisha, kama mteja wa kawaida.

Vijana wawili wenye vitambaa puani walikuwa wamepiga magoti sakafuni. Mmoja alikuwa akizungusha mashine ya mkono ya kusagia, ile ya njugu. Mwingine alikuwa akimimina ndani yake vidonge kutoka kwenye debe. Vidonge vidogo, vyeupe, maelfu kwa maelfu, vikishuka kwa mlio kama wa mahindi makavu. Upande wa pili unga ulikuwa ukidondokea kwenye beseni.

Hakuna mti uliokuwa mle ndani. Hata jani.

"Mzee, leo hatuuzi!" kijana mmoja alisema akisimama. "Toka nje!"

Jamleck hakutoka. Alikuwa akitazama debe. "Ni vidonge," alisema, kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza. "Anita, ni vidonge."

Mlango ukafungwa usoni mwao. Kwenye ngazi mzee aliketi palepale, wapita njia wakimruka. Anita alichukua simu kuwaita polisi, akisema kwamba akishuka hapo ataenda kuchoma kibanda kizima cha Dagoretti, kila kopo, leo hii. Kabla ya polisi, kwa bahati, alimpigia Daktari Mwendwa kumweleza alichokiona.

"Usichome!" daktari alisema kwa nguvu hadi Anita akaiondoa simu sikioni. "Huyo mzee ana wateja wangapi?"

Anita akamuuliza. Jamleck alitazama viganja vyake. "Uthiru, Kangemi, Kawangware... Sijawahi kuhesabu. Kanisani peke yake ni wengi."

"Basi wote hao wako kama mama yako alivyokuwa wiki iliyopita," daktari alisema. "Mkizima dawa leo, wataanguka mmoja mmoja, na kila kliniki itasema ni taifodi. Waambieni wasiache. Waje kwangu na makopo yao. Tutawapunguzia kidogokidogo, kwa miezi, mpaka tezi ziamke."

Hivyo ndivyo Anita, ambaye hakuwa amesimama mbele ya kanisa la Uthiru tangu alipokuwa wa kwaya ya watoto, alivyojikuta Jumapili ile amesimama mimbarini, akiwasihi watu wasiache kunywa kitu ambacho aliapa kukichoma. Maneno yalimtatiza. Watu walinong'ona. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kwamba watoto wa Kilimani hudharau dawa za wazee. Ndipo Mzee Jamleck aliponyanyuka kutoka kiti cha mbele.

"Anasema kweli," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Niliwapa dawa ya kiwandani nikidhani ni mti. Nilidanganywa, lakini mkono uliowapa ni huu wangu. Msiitupe. Mkiitupa ghafla, mtakufa. Nendeni hospitali."

Kisha kutoka benchi za nyuma akasimama mwanamke mwembamba mwenye leso nyeusi. Aliitwa Milcah, mjane. Mumewe Oloo alikuwa seremala wa Dagoretti Corner, mwenye mgongo mbovu, na alikuwa amezikwa baada ya Pasaka.

"Mzee," Milcah alisema, "Oloo alisafiri kwenda matanga ya kaka yake Siaya. Alisahau kopo nyumbani. Alinipigia simu akaniambia ni homa tu na kutapika. Walisema ni malaria." Alimtazama Jamleck. "Mimi ndiye niliyepata kopo kabatini. Nikalirudisha kwako, ukalipokea, ukaniombea. Ilikuwa ni hiyo?"

Hakuna aliyegeuza kichwa. Jamleck ndiye aliyeongoza maombi siku ile waombolezaji walipokusanyika kanisani kabla ya safari ya kumzika Oloo Siaya. Alisimama, mikono ikining'inia, na Anita aliuona uso ule wa mviringo ukitafuta jibu lolote jingine na kulikosa.

"Nafikiri ndiyo, mama Sammy," alisema.

Milcah aliketi. Alikunja leso yake magotini, akaikunja tena, mpaka ibada ikaisha.

Siku zilizofuata benchi la Daktari Mwendwa lilijaa watu wenye mashavu mazuri. Walikuja na makopo kwenye mifuko ya plastiki, wengine wakiwa bado hawaamini, wakiuliza kama kweli ni lazima wawe wembamba tena. Wawili walikuja wakiwa wamebebwa, kwa sababu walisikia nusu ya habari na wakamwaga. Wote wawili waliokolewa.

Polisi walipovunja mlango kule nyuma ya River Road walikuta chumba kimefagiwa. Kwenye nyufa za sakafu kulikuwa na vumbi jeupe, basi. Jamleck alijipeleka mwenyewe kituoni, akaandikisha taarifa, na kesi ikawa ya kuitwa na kuahirishwa. Milcah alihamia kanisa jingine. Anita alimtembelea mara mbili, na mara zote mbili walikunywa chai wakizungumza habari za mwanawe Sammy na shule, kwa sababu Anita hakujua aanzie wapi.

Waringa alipunguziwa dawa kwa zaidi ya mwaka. Yalikuwa mapambano. Kila alipopata homa ilibidi kipimo kiongezwe, na Kibe akajifunza kumdunga sindano ikiwa hatapokea kitu tumboni. Mashavu yalishuka, michirizi ya tumbo ikafifia ikawa ya rangi ya fedha. Maumivu yalirejea kwenye vidole, ingawa daktari alimpeleka kwa mtaalamu wa viungo akapata dawa halali, ya kumeza mara moja kwa wiki. Haikuwa muujiza. Alikuwa akikamua ng'ombe mmoja, Kibe akikamua wengine. Majirani walimwonea huruma. "Waringa, umekonda. Kuna shida nyumbani?"

Asubuhi ya kipimo cha mwisho Anita alimpeleka yeye mwenyewe. Walimkuta Mzee Jamleck kwenye benchi, naye amekuja kwa kipimo chake. Alikuwa amepungua, pumu imemrudia, kifua kikipiga mluzi. Anita alimsalimu kwa kichwa tu. Waringa aliketi kando yake.

Aliitwa Waringa kwanza. Daktari Mwendwa alitazama karatasi, akatabasamu. "Mama, tezi zako zimeamka. Zinafanya kazi zenyewe. Leo ndiyo mwisho wa vidonge."

"Zimelala miaka yote hiyo huku nazilisha!" Waringa alisema, na daktari akacheka.

Kisha akaitwa Jamleck. Hakukawia ndani. Alipotoka alikuwa na kadi ndogo mkononi, ile wanayopewa watu ambao lazima waitembeze popote, ili wakiokotwa barabarani daktari yeyote ajue cha kuwapa.

"Zangu zimekataa," aliwaambia. "Daktari anasema tungoje, lakini pengine haziamki tena. Nitameza mpaka kufa."

Anita hakujua kama ampe pole au amlaumu tena. Waringa ndiye aliyefungua kiondo. Alitoa chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, na kwa vidole vyake vilivyopinda akamshikisha Jamleck kifuniko kile mpaka alipohakikisha hakitamwagika.

"Kunywa kwanza," alisema. "Anita atatupeleka sote nyumbani."